Jua la Saa Mbili

Kwako Dada yangu,

Shikamoo. Naandika nikitumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na kwamba lile goti la kulia limeacha kukutesa kwenye ngazi. Kama bado linauma, tafadhali usijifanye shujaa, mwambie jirani akubebee hiyo ndoo. Mimi sijambo. Afya ipo, kazi ipo, ila nyonga zinanikumbusha umri kila nikiinuka kwenye kigoda cha kazini. Hamsini na moja si mchezo.

Najua umeigeuza bahasha hii mara tatu kabla ya kuifungua, ukijiuliza mdogo wako amepatwa na nini. Mtu unayeongea naye kwenye simu kila Jumapili saa kumi jioni, leo anakuandikia barua kama karani! Tulia. Sijafukuzwa kazi, siumwi, wala sioi. Hilo la mwisho najua ndilo ulilolikimbilia kwanza, pole sana. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu mimi ni mwoga. Nikisikia tu unavyovuta pumzi upande wa pili, maneno yote yanarudi tumboni, nabaki kukuuliza habari za kuku. Nimejaribu Jumapili tatu mfululizo, na kuku wako nimewaulizia mpaka sasa nawajua mmoja mmoja kwa tabia. Basi kaa chini, vaa miwani, na usiisome hii ukiwa umesimama jikoni.

Nianze na habari nyepesi. Chumba ni kile kile, na dirisha bado linatazama ukuta. Viti ni vile viwili, kimoja changu na kingine chako cha mwezi wa nane, ambacho kwa sasa kimelaliwa na nguo za kupiga pasi. Yule jirani wa kushoto mwenye redio amehama. Miaka minne nilikuwa nikimlaani mtu wa watu kwa kelele zake, na siku alipofunga mizigo nikamsaidia kubeba godoro kwa furaha. Sasa ukuta umenyamaza, na haki ya Mungu namkumbuka. Nikirudi kazini nasikia maji yakichemka, nasikia kijiko kikigonga sahani, na kelele zote ni zangu mwenyewe. Juzi nilijikuta naiambia sufuria ingoje kidogo.

Kazini nako Gundi amestaafu. Unamkumbuka, yule fundi ngozi mwenzangu aliyekuchekesha ulipokuja, aliyesema mikono yake imeshika gundi nyingi kuliko mikono ya mke wake. Tumekaa meza moja miaka kumi na tisa tukigombania dirisha, yeye anataka lifungwe, mimi nataka liwe wazi. Sasa naweza kulifungua nitakavyo na halina raha tena. Hawajaleta mtu mwingine. Nimebaki mimi na karakana yetu nyuma ya hospitali, jirani na chumba cha kufulia mashuka, na rafu zangu za miguu ya plasta. Kila mguu una namba ya mgonjwa. Nikifungua mlango asubuhi naisalimia yote kwa pamoja, halafu nachukua nyundo na kuanza kazi ya viatu vya kuinua kisigino na vyuma vya kunyoosha miguu ya watoto. Usimwambie mtu kwamba naisalimia.

Haya, nimezunguka vya kutosha. Binti yako alinipigia.

Ilikuwa Jumatano, mchana, nikiwa na gundi mikononi, na nikajua si bure kwa sababu mpwa wangu huyu hunitumia ujumbe tu, hapigi. Kwanza alinipa habari za mtoto, kwamba ana wiki sita sasa, ana mashavu, na analia kama anatoa amri. Nikacheka. Halafu nikasikia kwamba anayelia sasa ni yeye. Akaniambia kwamba amekuomba mara nne uende ukae naye mwezi mmoja, umshikie mtoto ili yeye apate hata kulala. Mara ya kwanza ulisema goti. Mara ya pili kuku. Mara ya tatu paa linavuja na fundi anakuja. Mara ya nne ukamwambia kwa sauti ndogo kwamba mikono yako si ya kubebea watoto, na kwamba amtafute mama mkwe wake.

Akaniuliza kitu, Dada, na tangu siku ile hakijaniacha. Akasema, mjomba, mama alikubeba wewe mpaka ukafika darasa la tatu, watu wote wa mtaani wanasimulia. Kwa nini mimi hakuwahi kuniweka mgongoni hata siku moja? Akasema akiwa mdogo alikuwa akiwaona watoto wa wenzako wamelala migongoni mwa mama zao, mashavu yamebandikwa, na yeye ulimbeba mbele, mikono umeinyoosha, kama mtu aliyebeba sinia la glasi. Akasema amekua akiamini kwamba kuna kitu chake kilikukinaisha, na sasa anaona kimehamia kwa mtoto wake.

Nilimjibu kwamba mama yake anampenda kuliko macho yake mawili. Hilo ni kweli. Lakini sikumweleza sababu, ingawa sababu naijua. Nikasema mteja amefika, nikakata simu. Mteja hakuwapo.

Nitairudia hadithi yenyewe hapa, ingawa najua hujaisahau hata neno moja. Nataka uione imeandikwa na mkono wangu.

Ulikuwa na miaka tisa, mimi mwaka na nusu. Mama alikuwa akitoka asubuhi kwenda kazini, na baba alikuwa kwenye cherehani yake kule mbele. Muuguzi wa kliniki alikuwa amesema mtoto apate jua la asubuhi, jua la saa mbili, kabla halijawa kali. Kazi hiyo ukapewa wewe: unitoe, unikalishe kwenye ngazi ya mlango, uniangalie. Ngazini palikuwa na siafu, na wewe ulikuwa na kitabu. Basi ukawa unanifunga mgongoni kwa kanga ya mama, unazunguka nami ndani ya chumba huku unasoma kwa sauti, mpaka mimi nalala. Hukunidhuru, hukuniacha peke yangu, hukuniangusha. Ulinibeba ukisoma. Kosa lako lote ndilo hilo.

Halafu nikaanza kutembea, na miguu ikaanza kupinda. Nilizaliwa nimenyooka kama rula, kila mtu alilishuhudia hilo, kwa hiyo ilionekana wazi kwamba kuna mtu amenikunja. Wakaulizana, wakachunguza, ikajulikana kuwa jua sikuwa nalipata. Na siku ile mbele ya mama, shangazi na majirani wawili, baba akaninyanyua, akaniweka juu ya meza ya kukatia nguo, akasema kwamba kila mtu atazame, miguu ya mtoto imechukua umbo la mgongo wako.

Mimi sikumbuki. Nilikuwa mdogo. Nimelisikia mara nyingi mno tu, mpaka ninaiona ile meza na chaki zake.

Ninachokumbuka ni kilichofuata. Nakumbuka kila asubuhi saa mbili tuko ngazini, wewe na mimi, umenivua soksi, umenipaka mafuta, unanisugua miundi kutoka gotini kwenda chini, kwenda chini, kama unapiga pasi. Siafu walikuwa wakikuuma na hukuinuka. Ulikuwa ukifika shule umechelewa, unachapwa, kesho yake tuko ngazini tena. Mimi nilipofika umri wa shule na nikawa nachoka njiani kwa huu mwendo wangu wa bata, ulinibeba. Lakini hukuniweka tena mgongoni. Ulinibeba mbele, miguu yangu umeibana pamoja, imenyooka upande mmoja ili isipinde zaidi, na watoto wakaniita Kifurushi. Mwalimu wa hesabu yeye aliniita Mabano, kwa sababu nikisimama miguu yangu inafunga hesabu, lakini Kifurushi ndilo lililonata, kwa sababu wewe pia ulilichukua. Ulilifanya likawa jina zuri.

Sasa nikueleze ya juma lililopita, maana ndiyo yaliyonikalisha kwenye karatasi hii.

Alikuja mama mmoja na mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu, pamoja na mama mkwe. Mtoto anatembea akiyumba huku na huku, mzuri, mcheshi, miguu mabano kama yangu. Walikuwa wametoka kupiga picha ya eksirei. Mama mkwe hakuwa ameupumzisha mdomo tangu mlangoni. Alisema mkwewe anamfungia mtoto ndani kama nyanya kwenye kapu, kwamba alimwonya, kwamba hakusikia. Mama wa mtoto alikuwa ameinamisha kichwa, anafunga na kufungua kifungo kimoja cha sweta ya mtoto. Dada, nilikujua pale pale. Ulivyokuwa ukiinamisha kichwa baba akiingia, ni vile vile.

Daktari wetu wa mifupa akaja na picha mkononi na majibu ya damu. Akawaeleza kwamba mtoto jua analo, chakula anacho, damu yake haina upungufu, na kwamba kinachomsumbua alizaliwa nacho. Mama mkwe akasema haiwezekani, mtoto alizaliwa amenyooka. Ndipo daktari akanigeukia, akaniomba kama sitajali nipandishe suruali.

Basi nikapanda juu ya kile kijukwaa cha kupimia, mtu mzima na mvi zangu, nikakunja suruali mpaka magotini. Lo! Sikuwahi kufanya hivyo mbele ya mtu isipokuwa wewe na daktari. Daktari akasema huyu fundi ana hali hiyo hiyo, na anafanya kazi, na anatembea, na hakuna aliyemharibu. Mtoto akaja akashika muundi wangu kwa mikono miwili, akacheka. Mama yake akaketi sakafuni pale pale, akalia kwa sauti, mpaka watu wa kufulia mashuka wakachungulia.

Alipotulia, akanitazama akaniuliza, nyumbani kwenu walimlaumu nani.

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia kwetu hawakumlaumu mtu. Nikashusha suruali yangu, nikachukua futi kumpima mtoto, nikaandika vipimo vya mguu wa kushoto kwenye nafasi ya kulia.

Umeisoma vizuri sentensi ile, Dada? Kinachomsumbua alizaliwa nacho. Na mimi nilizaliwa nacho. Na si juma lililopita nilipolijua. Nimelijua miaka kumi na moja.

Daktari huyu alipohamia kwetu, siku ya kwanza kuniona nikivuka ua, alinisimamisha akaniuliza kama niliwahi kupigwa eksirei. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba yangu ni matege ya kukosa jua, dada yangu alinificha ndani. Nilisema hivyo huku nacheka, kama ninavyowaambia watu wote. Hakucheka. Alinipiga picha, akachukua damu, akaituma mbali, na baada ya miezi mitano akaniita ofisini kwake na karatasi.

Alinichorea mfupa wa mtoto nyuma ya bahasha. Akasema mfupa haurefuki katikati kama mpira unaovutwa. Unarefukia karibu na ncha zake, kwenye tabaka jembamba la gegedu, kitu laini kama hiki cha masikioni. Humo chembe zinajipanga foleni, zinavimba, na zinapovimba zinatengeneza protini inayoitwa kolajeni ya aina ya kumi. Kolajeni nyingine zimejaa mwilini kote, kwenye ngozi na kwenye kano, lakini hii ya kumi kazi yake karibu yote iko pale pale mfupa unapokua. Ikishafanya kazi inaondolewa na mfupa mgumu unachukua nafasi. Mimi nikamwambia basi hizo ni mbao za mwashi, anazipigilia, anamwaga zege, likishika anazibomoa, na anayehamia ndani ya nyumba hajui kama ziliwahi kuwapo. Akasema angetamani wanafunzi wake wangeelewa haraka hivyo.

Akasema protini hiyo inatengenezwa kwa nyuzi tatu, na lazima zishikane nchani ndipo zijisokote. Hapo nikakukumbuka ulivyokuwa ukimsuka mama nywele, kwamba usiposhika mafungu matatu kwa pamoja msuko hauanzi. Maagizo ya kutengeneza uzi huo yameandikwa kwenye jeni, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mimi nakala yangu moja imekosewa herufi moja, na imekosewa hapo hapo kwenye ncha. Kwa hiyo mbao ni chache. Mtoto akiwa amelala haionekani. Akisimama, uzito unakaa mahali palipo laini na miguu inapinda. Kwenye picha inafanana sana na kukosa jua, hata waliosoma hudanganyika, sembuse fundi cherehani na majirani wawili.

Jua lote la ngazini lisingeweza kusahihisha herufi ile. Na mgongo wako haukuhusika. Ungenibeba usingenibeba, ungesoma usingesoma, miguu yangu ingekuwa hii hii.

Daktari akaniuliza kama kuna mtu wa familia anayetembea kama mimi. Nikasema hakuna. Nilikuwa nasema kweli nilivyoijua.

Mwaka uliofuata baba akalazwa, na unakumbuka nilichukua likizo nikaja kumuuguza ili wewe upumzike. Asubuhi moja muuguzi alikuwa na kazi nyingi, akaniachia beseni na kitambaa nimwogeshe mwenyewe. Baba alikataa. Alishika shuka kwa nguvu zote zilizobaki, akasema asubiriwe muuguzi. Nikamtania kwamba hana nilichokosa kukiona, nikafunua shuka.

Miguu yangu, Dada. Miundi ile ile, magoti yale yale yaliyotazama nje. Midogo, myeupe kwa kutoona jua. Zile suruali zake pana alizojishonea mwenyewe, zenye bitana nzito chini, ambazo mama alikuwa akisema baba ana maringo! Ule mwendo wa kuyumba ambao mtaa mzima waliuita mwendo wa mabwana! Alikuwa akitoka kuoga amevaa tayari, maisha yake yote, na sisi tukaiita adabu.

Aliniambia nimeona, basi nisimame nisikilize. Akasema alijua tangu hatua yangu ya kwanza. Akasema mama yake mzazi, bibi yetu ambaye hatukumwona, alilaumiwa kwa miguu ya mwanawe, wakasema alimkalisha vibaya, na akarudishwa kwao. Yeye alilelewa na mama wa kambo. Kwa hiyo miguu yangu ilipopinda, aliogopa ndugu zake wangemtaka amrudishe mama kwao. Na aliogopa kuchekwa, hilo pia alilisema. Basi shangazi alipotaja kwamba msichana anambeba mtoto ndani, baba akaona afadhali lawama ikuangukie wewe, kwa sababu mtoto hana pa kurudishwa. Alifikiri ungesahau kwa mwaka mmoja, wewe ukawa unatoka kwenda ngazini kila asubuhi na chupa ya mafuta, naye anakuona kutoka kwenye cherehani yake, na kila siku inakuwa ngumu zaidi kufungua mdomo. Akaniomba nimwombee msamaha kwako, lakini baada ya yeye kufa, kwa sababu hakuweza kukutazama usoni. Nikaahidi.

Wiki tatu baadaye alikufa. Na siku ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, ulikaa nami kwenye ile ngazi, ukaniambia kwamba baba amekwenda bila kukusamehe. Nilikuwa na msamaha wake kifuani, wa kwake kuomba, si wa kutoa. Nilikuwa na karatasi ya daktari kwenye begi. Nikakushika mkono, nikasema pole.

Hapo ndipo ninapoona haya kuendelea, lakini nisipoendelea barua hii haina maana.

Sikusahau, Dada. Wala sikuwa nakuhurumia. Niliogopa. Kaka zetu wawili wananipigia mwaka ukigeuka, wakikumbuka. Wewe unanipigia kila Jumapili. Kila mwezi wa nane unasafiri siku mbili kwenye basi na hilo goti, unafika na chupa ya mafuta, unaniketisha kwenye kiti, unanisugua miundi ya mzee wa miaka hamsini kama vile itanyooka. Hakuna mtu mwingine duniani anayenigusa. Nikajiuliza, je, dada ananipenda, au anatubu? Na siku atakapojua hana kosa la kutubia, atakuja kufanya nini kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ukuta? Nikaogopa jibu. Kwa hiyo nikakuacha na kosa ambalo si lako, ili niendelee kuwa na wewe. Baba nilimkasirikia nusu mwaka mzima kwa alichokufanyia, nikakataa hata kuitazama picha yake. Halafu siku moja nikiwa nakusikiliza kwenye simu ukiniuliza miguu inaendeleaje, kwa ile sauti ya unyonge, nikatambua kwamba yeye alikuwa na hofu ya watu na ya kumpoteza mama, mimi nina hofu ya kukosa simu ya Jumapili tu. Nikaona mimi ndiye mbaya zaidi. Hata hivyo nikanyamaza miaka mingine tisa.

Nisamehe. Siombi kwa haraka. Na msamehe baba ukiweza, aliuomba kwa machozi, nimechelewa kuufikisha.

Nimekunjia humu nakala ya ile karatasi. Mpelekee daktari yeyote akusomee, usiniamini mimi. Na hili lisikilize vizuri: nimemuuliza daktari wetu kuhusu wewe. Amesema aliyenyooka hakuirithi nakala ile, na asiyeirithi hana cha kumpa mtoto wake. Wewe umenyooka, binti yako amenyooka, na huyo mwenye mashavu ataota miguu yake kama atakavyopenda Mungu. Hakuna mgongo unaoweza kuipinda.

Kwa hiyo nenda. Kuku waachie jirani, paa na livuje. Ukifika, mwambie binti yako yote haya, au mpe barua aisome mwenyewe, ili ajue kwamba si yeye aliyekukinaisha. Usipige simu Jumapili hii, wala zile zitakazofuata, mpaka moyo wako upende. Mwezi wa nane usije kwangu kama huna hamu. Mafuta ninayo ya kutosha, chupa ya mwaka juzi haijafika nusu, kwa sababu peke yangu sijui kuyapaka. Ila kiti chako nitakitoa nguo, kwa vyovyote.

Nisalimie binti yako, na umwambie mjomba alidanganya, hakukuwa na mteja. Msalimie baba wa mtoto. Wasalimie na kuku, yule mwekundu hasa.

Na huyo mtoto, Dada, ukimchukua, usimbebe mbele. Mfunge mgongoni, umkaze vizuri, uzunguke naye chumbani ukisoma kitu kwa sauti. Miaka ile yote uliyonibeba mbele, miguu umeibana, nilikuwa nataka kurudi kule nyuma. Sikukwambia kwa sababu ulionekana umechoka.

Ni mimi mdogo wako,
Kifurushi